Futa Kiendeshi

Simu ililia Jumamosi asubuhi, Kamusi akiwa na mswaki mdomoni. Aliyepiga alikuwa mjane wa kaka yake, na siku hiyo hakuanza hata kwa salamu.

"Wifi, wifi imekufa."

Kamusi alitema povu. "Wifi gani huyo tena? Mimi mzima."

"Nimesema imekufa, sikusema amekufa. Ungekuwa wewe ningesema amekufa. Njoo uitazame."

Utani wa wifi mtu na wifi ya mtandao umeshamchosha kila mwenye kaka aliyeoa, lakini wawili hawa walikuwa hawajauchoka. Ulikuwa karibu jambo pekee walilotaniana bila mmoja kumwogopa mwenzake. Kamusi alicheka, akajifuta mdomo, ndipo akagundua kwamba upande wa pili hakuna anayecheka.

"Na Jumatatu ndiyo keshokutwa," alisema wifi yake.

Hapo Kamusi aliacha masihara. Jumatatu saa nne asubuhi walimu watatu wa chuo cha ufundi wangekaa mbele ya kompyuta zao, na wifi yake mbele ya kompyuta yake, wamhoji, kisha waamue kama watampa darasa la pampu au hawatampa. Walimu wa kufungua na kufunga pampu walikuwa nao tele. Walichotafuta ni mtu wa kufundisha kusikiliza, na habari za mwanamke anayejua ugonjwa wa pampu kwa sikio zilikuwa zimewafikia.

Ujuzi huo haukuanguka kutoka juu. Kaka yake Kamusi alitengeneza pampu za maji kwa miaka ishirini na sita, na kabla ya kugusa spana alikuwa na kawaida ya kuegemeza bisibisi ndefu kwenye chuma cha pampu inayounguruma, mpini ameubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, macho kayafumba. Wateja wageni walidhani anaomba dua. Zilipokuja simu za kurekodi, akaanza kurekodi mlio wa kila pampu mbovu, na kila rekodi akaipa jina la ugonjwa wake: beringi ya mbele imekwisha, inavuta hewa kwenye kiungio, shafti imepinda kidogo. Katika baadhi yake alitanguliza maneno mawili matatu, kwa sauti yake nzito ya mtu asiye na haraka. Simu ikijaa, alizihamishia kwenye kompyuta ya karakana, kwenye sehemu yake ya peke yake, akaisafisha simu. Zilifika mia mbili na sita.

Alipougua akashindwa kuinuka kitandani, mkewe alivaa spika za masikioni akazisikiliza moja baada ya nyingine. Mwanzo alitaka tu kumsikia mumewe katika sauti ya uzima. Baadaye alisikiliza kwa sababu pampu ziliendelea kuletwa getini, na mtu aliyekaukiwa na maji nyumbani kwake hana subira na maradhi ya fundi. Akazifungua. Alichokuta ndani kilikuwa kilekile kilichotajwa kwenye rekodi. Sasa ulikuwa umepita mwaka na miezi miwili tangu mazishi, na watu walikwisha kuacha kumwita mke wa fundi. Walimwita Fundi.

Kamusi naye jina lake alilipata kwa kaka huyo huyo, wakiwa wadogo, kwa kosa la kusahihisha Kiswahili cha watu wazima mezani. Likamganda, jina lake halisi likabaki la hospitali na vitambulisho. Alikua akawa mfasiri, kazi inayomlisha mtu kwa kitu kilekile alichochapiwa utotoni. Alikuwa mtu mwema, sisemi vinginevyo, ila alikuwa na ugonjwa wa kujua. Mwaka wa kwanza wa ndoa ya kaka yake, bibi harusi alimwandikia barua ya kumshukuru kwa zawadi. Kamusi aliirudisha ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, na chini yake ameandika kwamba huo ni utani tu wa mawifi. Wifi alicheka. Hakumwandikia tena, si barua si ujumbe wa simu. Kila jambo alipiga akasema kwa mdomo. Ilimchukua Kamusi miaka kumi na moja kuliona hilo, na alipoliona aliona aibu, na aibu ikamfanya anyamaze.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu. Sakafu ya saruji ilikuwa na madoa ya grisi yasiyotoka kwa sabuni yoyote, na kwenye rafu pampu zilipangwa kwa zamu, kila moja imefungiwa kwa waya kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Kompyuta ilikaa kwenye meza ya kona, mbali na msasa, na wifi alikuwa ameshaiondolea kitambaa chake cha kuzuia vumbi la chuma.

Alieleza akiwa amesimama, mikono ameifumbata kwenye aproni. Kompyuta ilikuwa ikimwomba kwa wiki tatu aikubalie kubadilisha mfumo, kila asubuhi inamkumbusha kama mdai, naye Jumatano akakubali ili ikome. Ikazunguka kutwa nzima. Ilipoamka ilikuwa imependeza, herufi kubwa, kila kitu kwa Kiswahili kuanzia juu hadi chini, ila kile kidude cha kunasa mtandao kilichochomekwa ubavuni, kisichozidi ukucha wa dole gumba, kilikuwa kimezima taa yake ya buluu.

"Imejifunza Kiswahili," alisema, "ikasahau kusikia."

Kamusi hakuwa fundi wa kompyuta, lakini alikwisha kufasiri kurasa za msaada za kutosha kujua pa kuanzia. Alikichomoa kidude akakipuliza, akakichomeka tundu la pili. Mashine ikatoa mlio mfupi wa kukubali kwamba kuna kitu kimeingia, lakini taa haikuwaka. Akafungua orodha ya vifaa. Katikati yake palikuwa na mstari mmoja wenye pembetatu ya njano, na maneno: kifaa kisichojulikana.

Alimweleza wifi yake kwamba kidude ni kizima na kompyuta ni nzima. Mfumo wa zamani ulikuwa na programu ndogo ya kuzungumza na kidude hicho. Mfumo mpya umekuja mikono mitupu, hauna ya kwake, na ile ya zamani haiutaki.

"Draiva," alisema wifi.

"Ndiyo, hiyo," alijibu Kamusi kwa shingo upande, maana neno hilo hakulipenda.

Aliunganisha simu yake na kompyuta kwa waya, mashine ikaazima mtandao wa simu. Kilichobaki ni kujua kidude ni cha aina gani. Mgongoni kilikuwa na maandishi madogo ya kuumiza macho. Kamusi akayapiga picha, akayakuza, akasoma herufi na tarakimu hadi ile ya mwisho inayoonyesha toleo. Akaenda kwenye ukurasa wa watengenezaji, akapakua, akasakinisha. Mashine ikakataa: programu hii hailingani na kifaa. Alijaribu mara ya pili kwa ukaidi tu, ikakataa kwa maneno yaleyale. Wifi alikichukua kidude, akakwangua grisi kwa ukucha, akakisogeza dirishani.

"Umesoma mbili," alisema. "Hii ni tatu."

Ilikuwa tatu. Kamusi akarudi kwenye ukurasa, akachagua toleo la tatu, na faili likaanza kushuka polepole, maana mtandao wa simu siku hiyo ulikuwa unajikongoja. Wakati wakingoja akauliza lile ambalo fundi wa aina yoyote huuliza: kabla hajaja, wifi alikuwa amegusa nini.

Wifi hakuficha, tena alijibu kwa fahari kidogo. Hakukaa bure siku tatu hizi. Aliutafuta ukurasa wa msaada kwenye simu yake, wa Kiswahili, akaufuata hatua kwa hatua. Hatua tatu za kwanza hazikuleta kitu. Ya nne ilimtaka afute kiendeshi. Akaenda mahali panapoonyesha viendeshi, akavikuta viwili, Kiendeshi C na Kiendeshi D. Alianza na C, ikakataa. Akaenda kwa D. Ikamuuliza kama ana uhakika, akasema ndiyo, ikafuta.

"D ile ya rekodi?" aliuliza Kamusi.

"Si ndiyo hiyo hiyo. Nilisita, nisikudanganye. Lakini imeandikwa kitarudishwa. Ila nikawaza, mashine haina mtandao, itakirudisha kwa njia ipi? Ndiyo nikakupigia."

Kamusi alifungua pale panapoonyesha diski. D ilikuwapo, nyeupe, haina faili hata moja kati ya yale mia mbili na sita. Ndani yake mfumo mpya ulikuwa umeanza kutupia vitu vyake. Aliomba simu ya wifi aone huo ukurasa. Akausoma. Hatua ya nne: Futa kiendeshi bila wasiwasi, kisha washa upya kompyuta. Mfumo utakirudisha wenyewe.

Hayo maneno "bila wasiwasi" aliyajua. Yalikuwa yake.

Miaka kumi na miwili nyuma, kampuni moja ilimpa kurasa mia nne za msaada na miezi miwili ya kuzimaliza. Kwa Kiingereza diski na ile programu ndogo ya kuzungumza na kifaa huitwa kwa maneno mawili yaliyotofautiana kwa herufi moja tu mkiani. Diski alikwisha kuiita kiendeshi tangu kurasa za mwanzo. Alipofika kwenye programu, mafundi wote wa mjini walikuwa wanasema draiva, naye akaona huo ni uvivu wa kufikiri, kuchukua neno la watu na kulivalisha kanzu fupi. Yote mawili yanatokana na kuendesha. Basi yote mawili yawe kiendeshi. Mhariri, mtu mpole asiyependa mabishano, aliandika pembeni: msomaji atajuaje ni kipi? Kamusi akamjibu kwamba muktadha utaonyesha. Na "bila wasiwasi" haikuwamo kabisa kwenye Kiingereza. Aliiongeza mwenyewe ili sentensi iteleze.

Alimrudishia wifi simu yake. Alipaswa kusema palepale, na alifungua mdomo, lakini faili lilikuwa limekwisha kushuka na wifi alikuwa ameshasogea kutazama. Kamusi akaishika kazi iliyokuwa mbele yake, kwa kuwa mikono ilikuwa rahisi kuliko ulimi. Akasakinisha. Akawasha upya. Skrini ikawa nyeusi, ikawa ya buluu, ikamkaribisha mtumiaji kwa Kiswahili safi. Ubavuni, kwenye kile kidude, taa ikapepesa mara mbili ikatulia. Mtandao ukaingia.

Wifi alinawa mikono kwenye ndoo ya sabuni, akaikausha kidole kwa kidole. Akavuta kiti, akaketi mbele ya skrini, mikono juu ya magoti.

"Haya," alisema. "Sasa kirudi."

Walikaa. Kamusi alikuwa amesimama nyuma yake na angeweza kuona kichogo chake tu, kitambaa alichojifunga, na doa la grisi chini ya sikio la kulia, pale bisibisi inapogusa. Dakika ikapita, ya pili, ya tatu. Wifi alikuwa anangoja kama watu wanavyongoja ofisini, kwa heshima, wasije wakaonekana wana haraka. Kamusi hakuweza kuvumilia tena.

Alimwambia kwamba D haitarudi. Alimwambia kilichorudi ni ile programu ya mtandao, na kwamba diski ni kitu kingine, na kikifutwa hakirudi chenyewe.

Wifi hakugeuka. Alianza kusema kwa sauti ya chini, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyoungua. Sauti ya mumewe ameifuta kwa kidole chake mwenyewe. Aliulizwa kama ana uhakika, akasema ndiyo. Atapiga simu chuoni leo hii awaambie wasijisumbue Jumatatu. Mtu aliyeshindwa kusoma sentensi mbili hawezi kusimama mbele ya wanafunzi. Wangemcheka, na wangekuwa na haki.

"Mtu yeyote angekosea hapo," alisema Kamusi. "Hata mimi."

"Wewe?" Wifi aligeuka, na hakuwa na hasira, alikuwa na uchovu tu. "Wewe ni Kamusi. Mimi ndiye wa wino mwekundu."

Miaka yote hiyo hakuwahi kuitaja ile barua. Kamusi alijua kwamba akimwacha na maneno hayo, simu ya chuoni itapigwa, na mwanamke huyu atarudi kwenye pampu zake akiamini mpaka siku ya kufa kwake kwamba hajui kusoma. Alijua pia kwamba hakuna mtu duniani angekuja kumwambia vinginevyo. Kurasa zile hazikuwa na jina la mfasiri. Akapiga moyo konde.

"Ukurasa ule niliufasiri mimi," alisema.

Wifi alimtazama.

"Ile hatua ya nne. Ilitakiwa kusema ufute draiva. Niliandika kiendeshi, na diski nayo nimeiita kiendeshi, kurasa zote mia nne. Niliambiwa watu watachanganyikiwa, nikasema hawatachanganyikiwa. Na hiyo bila wasiwasi ni ya kwangu, haikuwamo."

"Isome tena," alisema wifi.

Kamusi alichukua simu akasoma hatua ya nne kwa sauti. Wifi alifuata kwa midomo, neno baada ya neno.

"Imesema nifute kiendeshi."

"Ndiyo."

"Na mashine imeandika Kiendeshi D."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nilisoma sawa."

"Ulisoma sawa, wifi. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Wifi aliinuka. Alikwenda kwenye meza ya kazi, kwenye pampu aliyoifunga jana yake, akachukua spana akaanza kukaza nati ambazo zilikwisha kukazwa. Alizipitia zote sita, akarudi ya kwanza, akazipitia tena. Kamusi alibaki amesimama katikati ya chumba akiwa ameshika simu isiyo yake, na hakujipa ruhusa ya kulia, kwa kuwa aliona kilio kingekuwa njia nyingine ya kuomba ahurumiwe.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza wifi, mgongo bado umegeuka.

"Tangu uliponionyesha simu."

"Na ukaniacha nikae pale ningoje."

"Ndiyo."

"Hilo ndilo litakalonichukua muda," alisema wifi. "Neno, mtu yeyote hukosea. Lakini nilikaa pale kama mjinga, na wewe uko nyuma yangu unajua." Aliweka spana chini. "Usije ukadhani nimekusamehe. Nikikusamehe nitakwambia kwa mdomo, hutahitaji kukisia."

"Sawa."

"Na hizo rekodi, zimekwenda kabisa kabisa?"

Kamusi alisema hajui. Alimweleza kwamba kilichofutwa kwenye diski hakiondoki palepale. Kinabaki chini mpaka kifunikwe na kingine, na mfumo mpya ulikuwa umeshaanza kufunika. Zipo programu za kufukua. Huenda zikapata, huenda zisipate. Asingependa kumpa matumaini asiyokuwa nayo. Wifi alimwambia afukue basi, na aache kuzungumza.

Safari hii alifanya kazi kama anayetembea kwenye sakafu yenye vioo. Aipakue programu kwenye kompyuta ileile? La, hata hilo hakulithubutu. Aliipakua kwenye simu yake, akaihamishia kwenye flashi, akaiendeshea humohumo ili asiandike chochote kwenye ile mashine. Kila mara kabla ya kubofya alisema kwa sauti anachotaka kubofya na kitakachotokea, na wifi akajibu ndiyo au akauliza. Mara mbili aliuliza, na mara moja swali lake lilimzuia Kamusi asihifadhi vilivyopatikana kwenye D yenyewe, jambo ambalo lingefunika vingine. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Wifi akarudi kwenye pampu zake, wateja wawili wakaja wakaenda, chai ikanywewa bila maneno mengi.

Saa kumi jioni mstari ulifika mwisho. Rekodi tisini na moja zilikuwa zimepatikana kati ya mia mbili na sita. Kamusi alihesabu mara mbili. Kisha akaona jambo jingine, na hili alilisema papo hapo, hata kabla hajavuta pumzi: majina hayakurudi. Programu imeokoa sauti, lakini kila sauti imepewa namba tu, moja mpaka tisini na moja, na hakuna panaposema hii ni beringi na hii ni shafti. Kaka yake aliyezipa majina hayupo.

Wifi alisogea, akaketi, akavuta kipande kimoja cha spika za masikioni akakitia upande wa kulia. Akabofya namba moja. Alifumba macho kwa muda usiozidi kumeza mate.

"Kepasita ya kuwashia mota imechoka," alisema. "Inanguruma, haizunguki. Andika."

Kamusi alitafuta daftari, akakosa, akachukua upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka uliopita. Akaandika. Namba mbili ilikuwa sili inayovuja. Namba tatu ilikuwa impela, lile gurudumu la kusukuma maji, inayogusa ganda lake, upande mmoja tu, na wifi alitaka huo upande mmoja uandikwe. Alikwenda hivyo bila kusita, sita, kumi, kumi na tano, na kadiri alivyokwenda ndivyo mabega yake yalivyoshuka na sauti yake ikapata nguvu, mpaka ikawa ni sauti ya mtu anayefundisha. Kwenye namba kumi na tatu alisema hiyo iwekewe alama, ataitumia Jumatatu. Kamusi aliuliza, kwa woga, kama Jumatatu bado ipo.

"Kwa nini isiwepo? Si nilisoma sawa."

Namba kumi na saba haikuwa pampu, mwanzoni. Ilikuwa sauti nzito isiyo na haraka iliyosema, "Hii sasa, isikilizeni vizuri," kisha mngurumo ukaikata. Wifi aliisimamisha. Alichomoa waya wa spika za masikioni ili sauti itoke nje, akarudisha mwanzo, na wote wawili wakamsikia. Aliirudia mara tatu. Halafu akamwambia Kamusi hiyo aiache bila jina, akaendelea na kumi na nane.

Sasa sauti zilikuwa zikitoka kwenye spika ya kompyuta na Kamusi naye alizisikia. Ishirini na tatu ilikuwa mkwaruzo mbaya, kama changarawe kwenye debe. Wifi alisema pampu inatafuna hewa, maji hayafiki kwenye mdomo wake wa kuvutia. Ishirini na nne ilikuwa changarawe kwenye debe vilevile. Kamusi hakungoja kuambiwa. Chini ya mstari wa ishirini na tatu aliweka alama za kurudia, vile vikato viwili vya kusema kama hapo juu.

Wifi aliinama juu ya kalenda. "Nini hivyo?"

"Si ileile?"

"Siyo ileile. Hii ni beringi. Ukimwandikia mtu neno moja kwa hizi mbili, atang'oa beringi nzima, aitupe, na maji bado hayatafika."

Akacheza ishirini na tatu, akacheza ishirini na nne. Kamusi alitikisa kichwa, hakusikia tofauti. Wifi akazirudia, taratibu, bila kuudhika, akimwonyesha kwa kidole hewani pale mlio unapopanda na pale unapokwama. Mara ya nne Kamusi alifumba macho, na chini kabisa ya ile kelele akausikia: wa kwanza ulikuwa unatapatapa, wa pili ulikuwa unazunguka na kugonga palepale, palepale.

"Ni mbili," alisema.

"Basi andika mbili," alisema wifi yake.

Kamusi akavifuta vile vikato, akaandika jina la pili: beringi.